Shamba la chuo ni la nani?

Kila msimu wa karafuu ukikaribia, Pemba huzuka maneno yale yale barazani. Mzee mmoja atasema amempeleka mtoto chuoni asome dini, si akalime. Mwengine atamjibu kuwa mtoto asiyeshika jembe atakuja kuwa ustadhi wa kuombaomba. Kahawa itakwisha, maneno hayataisha. Na siku hizi yamehamia kwenye simu, ambako hata kahawa ya kuwapoza watu hakuna.

Mimi nina upande wangu, basi bora niuseme mapema. Nimesoma katika chuo kidogo cha Kiislamu kaskazini mwa Pemba, njia ya kwendea Konde, chenye msikiti, madarasa, dakhalia ya kulala wanafunzi, na shamba. Nimelima, nimechuma, nimepika, nimeamia ndege, na sioni kuwa nilionewa. Lakini pia simo katika wale wanaosema kuwa kazi ya shamba ni baraka tupu, na anayeuliza masuali hana adabu. Suali lipo, tena halali kabisa: kinachovunwa kinakwenda wapi? Mzazi akishajibiwa hilo kwa uwazi, mengine atayapima mwenyewe.

Shamba letu lilikuwa wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya kheri. Bibi mmoja asiyekuwa na mtoto aliliandika kabla hajafa: mazao yaliwe na wanafunzi, na kitakachozidi kitengeneze chuo. Maneno yenyewe ndiyo hayo, hayazidi mstari. Karatasi ile ilikuwa ndani ya kioo ukutani ofisini kwa mudiri, mkuu wa chuo, na mwanafunzi mpya alisomeshwa siku ile ile aliyofika, begi bado liko mkononi, hata kitanda hajaoneshwa. Waliosoma fiqhi wanaijua kanuni kuwa sharti la mweka wakfu ni kama nassi ya sheria, yaani andiko lake lenyewe. Sisi tuliijua hiyo kabla ya kujua kuitamka vizuri hiyo nassi yenyewe.

Anayeijua Pemba ya upande wa magharibi hatahitaji ramani. Ukishuka kilima umeingia bondeni, ukitoka bondeni unapanda kilima. Juu kilikuwa na mikarafuu na minazi, ubavuni muhogo, migomba na majimbi, na chini kabisa mpunga. Kulikuwa na mishelisheli miwili nyuma ya jiko, ambayo kwa maoni yangu ilikifanyia chuo kile kazi kubwa kuliko walimu wawili wa kwanza niliowakuta. Wenzetu wa Micheweni, kule jiwe linakoshika ardhi na jembe likagonga mwamba, walikuwa wakifika na kuuangalia ule udongo wetu mwekundu kwa wivu wa wazi.

Siku ilianza kabla ya alfajiri na sitaieleza kwa urefu, maana vyuo vyote ni hivyo hivyo. Swala, Qur'ani mpaka kukapambazuka, jembe mpaka saa mbili, uji, darasani hadi adhuhuri. Baada ya alasiri kuni, maji na mpira. Mpira tulicheza penye mteremko, na timu iliyopewa goli la juu kipindi cha kwanza ilijihesabu imeshashinda.

Jikoni ndiko kwenye habari.

Hatukuwa na mpishi wa kuajiriwa. Tulipika kwa zamu, watu wanne wiki nzima, na zamu ile haikujali kama wewe ni mtoto wa sheikh au wa mchukuzi wa bandarini Mkoani. Mmoja alikuwa wa moto, akiwasha kwa makumbi na vifuu na kuni za mkarafuu uliokufa. Mmoja alifua nazi na kuzikuna. Mmoja alimenya. Wa nne, aliyekuwa mkubwa wao, alishika mwiko na lawama zote. Asubuhi uji, mchana muhogo au ndizi au shelisheli la nazi, usiku mara nyingi kilichobaki mchana kikiongezwa kisamvu au dagaa. Wali ulikuwa wa Ijumaa na wa wageni. Wageni tuliwapenda kwa dhati.

Sheria ya sinia ndiyo iliyonifanya nikakiheshimu chuo kile. Mwanzo wa muhula majina yalikunjwa vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia, yakatolewa sita sita. Waliotoka pamoja walikula sinia moja mpaka muhula unakwisha. Huchagui rafiki, huchagui kijiji, huchagui rika. Mie niliangukia kwa kijana wa Kojani, mmoja wa Tumbatu, wawili wa Chake mjini na mtoto mdogo wa Wete aliyekuwa akilia usiku. Kila mtu hula mbele yake. Samaki hushushwa katikati na haguswi mpaka wali au muhogo umefika nusu, kisha mkubwa wa sinia humgawa, na mgawaji huchukua fungu la mwisho. Ukijua kuwa fungu lako ni lile litakalobaki, mkono unakuwa na insafu kuliko wa kadhi. Nimeona watu wakikata kichwa cha changu kwa uangalifu wa ajabu.

Wenye zamu walikula mwisho kabisa, kilichobaki ndani ya sufuria. Sharti hili liliondoa mchezo. Aliyepika kidogo alilala na njaa yeye, na aliyeunguza alikula ukoko wake.

Sinia pia lilikuwa na kazi nyengine ambayo haikuandikwa popote. Mmoja wenu akishikwa na homa, ninyi ndio wa kumpelekea maji, kumfulia na kumwambia mwalimu. Mtoto yule wa Wete alipougua, kijana wa Kojani alimbeba mgongoni mpaka barabarani kungojea gari ya kumpeleka hospitali, na njia nzima akimtukana kwa upole, kama wafanyavyo watu wa Kojani wanapokuwa na wasiwasi.

Huyu wa Kojani nimweleze kidogo. Kojani ni kisiwa cha wavuvi, na mvuvi wa Kojani utamkuta mpaka pwani ya Kenya na kusini kwa Mafia. Jembe kwake lilikuwa kitu cha kigeni. Alilishika kwa mbali, likamtoa malengelenge siku ya kwanza, na siku ya pili akasema mbele ya mudiri, bila woga:

"Maalim, mie sikatai kazi. Lakini huku nnawatia hasara tu."

Mudiri akamuuliza, "Sasa wewe utawatia faida wapi?"

Akasema atazungumza na ami zake. Mwezi haujesha, ikawa kila wiki tenga la samaki linafika kutoka upande wa mashariki, na gari ile ile inarudi na magunia ya muhogo wetu. Hakuna aliyelipa senti. Ami mmoja akawa akija mwenyewe kuchagua muhogo, anauvunja, anautafuna mbichi, na mbaya anauweka pembeni bila kusema kitu. Kijana aliendelea kushika jembe hivyo hivyo kwa mbali, lakini hakuna tena aliyemcheka.

Mpunga tulifundishwa na wanawake wa jirani. Pemba mpunga ni kazi ya wanawake zaidi, na bonde letu lilipakana na majaluba yao. Mwanzoni tulipalilia kama tunavyopalilia muhogo, tukang'oa magugu na mpunga pamoja. Bibi mmoja alisimama ukingoni akatutazama mpaka akachoka, akafunga kanga kiunoni akaingia. "Wanangu, haya yote mnayotupa huko ndiyo wali wenu." Tangu siku hiyo alikuwa mwalimu wetu, na tulimwamkia kabla hatujamwamkia mudiri. Kuvuna alitufundisha kwa kisu kidogo, suke kwa suke, na aliyetaka kufyeka kwa panga alikuwa anaitiwa jina ambalo siliandiki hapa.

Mpunga ukishika maziwa, ndege hushuka. Tulijenga dungu katikati ya bonde, miti minne na sakafu ya fito juu yake, na kila alfajiri wawili walipanda na kumbeo, yaani teo, na kopo la mawe kwenda kuamia. Kazi ile ilikuwa tamu kuliko zote. Unakaa juu na kitabu chako, unahifadhi beti za nahau kwa sauti kubwa, ndege wanaogopa, na mwalimu akipita anafurahi. Nina hakika wako watu leo wanasomesha nahau katika skuli za Unguja ambao nahau yao yote waliipata wakigombana na ndege.

Sasa nifike kwenye somo ambalo mpaka leo nalikumbuka neno kwa neno.

Mwaka mmoja mvua za masika zilinyesha kwa wakati wake na mpunga ukakubali. Tukiwa darasani tumefika mlango wa zaka ya mazao, Maalim wa fiqhi akasema leo hatusomi, tunapima. Tukateremka ghalani na pishi ya mbao, kile kipimo cha nafaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nafaka haitolewi zaka mpaka ifike wasaki 5, na wasaki ni pishi 60, basi ni pishi 300. Lakini hiyo ni nafaka safi. Mpunga unaowekwa na ganda lake huhesabiwa wasaki 10, yaani pishi 600, kwa kuwa nusu yake ni ganda. Jambo hili tulilisoma kitabuni tukalipita. Ghalani hatukulipita, maana vumbi la mpunga lilituingia puani na kila pishi ilikuwa na mtu wa kuibishia.

"Hiyo umeisheheneza!"

"Sikuisheheneza, imejaa yenyewe."

"Futa juu kwa mkono. Pishi haina kichuguu."

Mmoja alipima, mmoja alifuta juu, mmoja alihesabu kwa kutia kokwa ya komamanga ndani ya kikombe. Vibaba 4 pishi moja, pishi 60 wasaki moja. Tulipovuka 600 tukapiga takbira. Shamba letu wakati ule halikuwa likimwagiliwa, lilitegemea mvua, kwa hivyo zaka yake ilikuwa ushuri, fungu moja katika kumi. Lingekuwa la kumwagilia kwa gharama lingekuwa nusu ya hapo. Tukaanza kutenga fungu la kumi pembeni, na kila mtu keshapata maskini wake wa kumpelekea.

Maalim alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Akauliza, "Mnamtolea nani zaka?"

"Mafakiri, Maalim."

"Si hao. Mnatoa kwa ajili ya mali ya nani?"

"Ya chuo."

"Chuo ni nani? Anaswali? Anafunga? Siku ya kiama ataulizwa?"

Tukanyamaza. Akaeleza kuwa zaka inamtaka mwenye mali, mtu anayejulikana. Wakfu uliowekwa kwa ajili ya watu fulani waliotajwa kwa majina, hao kila mmoja anamiliki fungu lake la mavuno na zaka inamhusu. Lakini uliowekwa kwa wanafunzi wote, waliokuwapo na watakaokuja, hauna mwenyewe mmoja, na katika kauli iliyo sahihi ya madhehebu hautolewi zaka. Pishi zote zile tulizopima zilikuwa na hukumu moja tu: ziliwe na wanafunzi.

Mtu wa Chake akauliza, "Basi Maalim, kumbe tumepima bure?"

"Hamkupima bure," akasema. "Kitu kisichokuwa na mwenyewe ndicho chenye kuibiwa kwa wepesi. Kaandikeni hesabu."

Mafunzo yote ya uongozi niliyowahi kukalishwa, kwenye hoteli, na chai na vitumbua, sijasikia humo kitu kizito kuliko maneno yale. Mwenye shamba lake hulilinda, kwa sababu likiibiwa ameibiwa yeye. La wakfu linalindwa na daftari, na daftari linalindwa na kusomwa hadharani. Bibi wa mpunga alipelekewa fungu lake siku ile ile, si zaka, ni ujira wa kutusomesha, na hilo nalo likaandikwa.

Karafuu ni habari nyengine, kwa sababu karafuu ni fedha. Muhogo hauna mtu wa kuugombania. Miaka ile Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, ambalo ndilo lililokuwa na haki ya kununua karafuu, lilikuwa likitoa shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na serikali ikitangaza kuwa mkulima anapata asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Kwa fedha ile, mkarafuu mmoja uliobeba vizuri unamtia mtu mawazo. Msimu ukifika Pemba nzima hupanda juu. Skuli zimewahi kufungwa kupisha uchumaji, maofisi huwa matupu, na ukimtafuta fundi wa kukutengenezea mlango utaambiwa yuko juu.

Chuoni darasa lilibaki la asubuhi tu. Waliopanda mikarafuu walikuwa wakubwa, na walipanda kwa barua ya mzazi. Mkarafuu ni mrefu na tawi lake hukatika bila kutoa sauti ya kukuonya. Hakuna kijiji cha Pemba kisichokuwa na mtu aliyeanguka. Mchumaji huvuta tawi kwa ngowe, akachuma kishada kizima kabla maua hayajafunuka, akatia ndani ya pakacha. Wadogo walikaa chini wakiokota mpeta, karafuu zilizoanguka. Usiku baada ya isha, karafuu humwagwa ukumbini na chuo kizima hukaa kuzizunguka kuchambua, karafuu upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Vidole huwa vyeusi na harufu haitoki kwa sabuni. Ndio wakati wa kaswida na hadithi za majini, na walimu nao walichambua. Mudiri alikuwa mwepesi kuliko sote, na alikuwa akilitaja hilo.

Kisha juani, juu ya majamvi, siku tatu au nne jua likiwa kali. Mtu mmoja hakosi kutazama mbingu. Wingu likitokea upande wa kusi, kengele ya darasani hupigwa, na nimeona darsa ya tafsiri ikivunjika katikati ya aya watu wakikimbilia majamvi, mwalimu mbele. Karafuu iliyorowa hubadilika rangi na kushuka daraja, na daraja ni fedha. Ikikauka vyema huvunjika kwa ukucha, tap! Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na ndipo mtu anapofahamu kwa nini wazee hawakubali karafuu ianguke ikaachwa.

Hapa ndipo mzee wa barazani anapopata nguvu ya kusema, na mimi namwelewa. Katika kisiwa hiki, mtu kuchuma karafuu bila ya kulipwa si jambo jepesi kulitamka. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilipona, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa za Pemba. Nani aliyezichuma? Watumwa walichuma. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria, lakini mtumwa ilibidi aende mwenyewe akaombe uhuru wake, na masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Wengi walibaki pale pale, wakipalilia mikarafuu ya bwana kwa kubadilishana na pahala pa kujenga kibanda na kulima muhogo. Basi leo ukimwambia mjukuu wa mjukuu wao kuwa mwanawe anapalilia mikarafuu chuoni kwa kubadilishana na pahala pa kulala na muhogo, usistaajabu akikunja uso.

Wala sisi Waislamu hatukuwa wa kwanza kuunganisha dini na shamba visiwani. Misheni ya Kiingereza ya UMCA ilinunua shamba la Mbweni, Unguja, mwaka 1871, ikawaweka watu waliokombolewa utumwani na kufungua skuli ya wasichana. Magofu yake bado yako. Wavulana walisomeshwa Kiungani, jirani na hapo, na humo walitoka walimu na mapadri. Na mwaka ule ule wa 1897 Marafiki, Wakristo wanaoitwa Quaker, walianzisha misheni huku kwetu Pemba, Banani, karibu na Chake Chake, katika shamba la karafuu, ili walioachwa huru wapate pahala pa kufanya kazi kwa mshahara. Dini yao si yangu. Lakini walifahamu kuwa katika kisiwa cha karafuu huwezi kumfundisha mtu uhuru halafu usizungumze naye habari ya ujira.

Kwetu habari hiyo ilizungumzwa Alkhamisi ya mwisho ya kila mwezi, baada ya isha. Daftari lilikuwa la jalada jekundu, na msomaji alikuwa mwanafunzi, si mwalimu. Kilo za karafuu zilizouzwa kituoni, daraja gani, kiasi gani, stakabadhi ya namba gani. Magunia ya muhogo yaliyokwenda Kojani. Nazi zilizoanguliwa na nazi zilizofika jikoni. Kisha matumizi: mchele wa kununua, mafuta ya taa, dawa, bati. Mtu yeyote, hata wa mwaka wa kwanza, alikuwa na ruhusa ya kunyanyua mkono. Usiku mmoja mtoto wa Wete, yule aliyekuwa akilia, alinyanyua mkono akasema nazi za mwezi ule hazitimii: zimeanguliwa nyingi, jikoni zimefika chache, na yeye ndiye aliyekuwa mkunaji. Mudiri akaona haya. Ikaonekana amewapa wageni wake nazi bila kuandika. Wiki ya pili alizirudisha kutoka nyumbani kwake, kwenye gari ya ng'ombe, mchana, kila mtu akiona. Nadhani alichagua mchana makusudi.

Rafiki yangu alisoma chuo chengine, ambacho sikitaji jina wala upande. Nacho kilikuwa na shamba, kubwa kuliko letu. Wanafunzi walichuma msimu mzima, na msimu ulipokwisha wakala uji mwepesi ule ule. Shamba lilikuwa kwa jina la mtu. Walipouliza waliambiwa thawabu yao iko kwa Mwenyezi Mungu. Hilo sina shaka nalo, thawabu iko kwake. Fedha za karafuu lakini zilikuwa kwa mtu. Rafiki yangu aliacha kusoma, na mpaka leo akisikia neno chuo hugeuza mazungumzo. Wanaomtetea mkubwa wa chuo kile husema alikuwa mtu wa ibada. Huenda. Sikuona daftari lake.

Na sisi pia tulikuwa na pengo ambalo sitalifunika. Dakhalia ya wasichana ilijengwa baadaye, ng'ambo ya msikiti, na ilipojengwa wao walipewa jiko na ufagio, shamba likabaki letu. Kwa hiyo Alkhamisi ile ya hesabu hawakuwapo, kwa kuwa "hawana la kuhesabiwa". Wakati mpunga wote tuliokuwa tukijivunia tulifundishwa na mwanamke! Ilichukua muda, na baba mmoja mkaidi mwenye mabinti watatu chuoni, mpaka wakapewa bonde lao na daftari lao. Nasikia daftari lao limeandikwa vizuri kuliko tulivyowahi kuandika letu.

Siku hizi chuo kina pampu ya maji na nusu ya bonde inamwagiliwa. Daftari jekundu lipo, lakini kurasa zake hupigwa picha na kutiwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na tuliosoma zamani. Utulivu hakuna. Msimu uliopita mzazi mmoja aliandika saa tano usiku kuuliza: karafuu zimeandikwa, sawa, na makonyo je? Maana makonyo nayo hununuliwa, yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta, hayatupwi. Watu wakaamka. Mmoja akasema makonyo ni kitu kidogo. Mwengine akamjibu kuwa hata nazi za mudiri zilikuwa kitu kidogo. Likazuka na suali la dizeli ya pampu, nani anaijaza na stakabadhi ziko wapi. Karibu na saa sita mshika fedha, binti wa mwaka wa pili, akatuma picha moja na maneno machache:

"Asalaam alaykum ami zangu. Makonyo yapo, mstari wa saba kutoka chini. Dizeli ukurasa unaofuata, naupiga picha sasa hivi, taa imekatika."